Lilichemkia Wapi?



Mtu akitoka kisiwani Mombasa kuelekea bara, akavuka Makupa, akapita Changamwe na Miritini, barabara haikawii kumwonyesha magari ya namna mbili: yaendayo, na yale yaliyoegeshwa kando boneti zikiwa wazi, wenyewe wamesimama mbele yake mikono kiunoni wakitazama mvuke. Siku za Idi na likizo za Desemba haya ya pili huzidi, kwa sababu gari ambalo mwaka mzima limezoea kutoka Kisauni hadi sokoni na kurudi hupakiwa watu saba na mizigo yao, kisha likaelekezwa Voi. Masafa hayo ni kilomita 150 na ushei, nayo hulipandisha gari kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 600. Kwa jicho la abiria ile ni nchi tambarare. Injini haioni hivyo.

Njia hii tumeipita kwa zaidi ya miaka 30, kwa harusi, kwa maziko na kwa mashindano ya kusoma Qur'ani, na mwaka huu tumeipita mara nne katika gari la nyumbani lililokuwa na maradhi ya kuchemka. Sisi si mafundi; elimu yetu ni ya chuoni na ya vitabu. Lakini tumeona familia nyingi za mwambao zikimaliza fedha kwa kutibu gari lisilopimwa, na baadhi yazo zimekaribia kupoteza kilicho kikubwa kuliko fedha. Kipimo cha kwanza, kama tulivyokuja kufunzwa, hakihitaji chombo chochote. Ni kuuliza gari lilichemkia wapi.

Kwanza tueleze kidogo mambo yalivyo ndani ya boneti. Petroli ichomekapo katika injini, sehemu ndogo tu ya nguvu yake huzungusha magurudumu. Iliyobaki ni joto: jingine hutoka pamoja na moshi, na takriban theluthi moja ya nguvu yote huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji hayo yakapita katika vijia vilivyoizunguka silinda, yakatoka yakiwa ya moto, yakaingia rejeta kwa mpira wa juu, yakapita katika vijibomba vyembamba vinavyopulizwa na upepo, yakarudi kwa mpira wa chini yakiwa yamepoa. Kifuniko cha rejeta nacho hakifanani na cha sufuria. Kina springi inayoyabana maji yasichemke katika nyuzi 100 kama ya birikani, yakavumilia hadi karibu 120. Kwa hivyo kifuniko cha bei ndogo kilicholegea springi chaweza kulichemsha gari zima, na ndicho kitu cha kwanza ambacho mwenye gari atazame kabla hajanunua kingine.

Sasa twende na njia.

Changamwe ndipo malori ya bandarini yasongamanapo. Gari laweza kukaa hapo nusu saa likisogea hatua moja moja, pua yake ikiwa nyuma ya bomba la moshi la trela. Upepo wa mwendo haupo. Upepo wote wa rejeta hutoka kwa feni. Gari lichemkalo hapa, kisha likapoa lenyewe mara njia inapofunguka, aghalabu ugonjwa wake ni feni: mota imekufa, au fyuzi imeungua, au swichi ya joto haiiwashi, au katika magari ya zamani mkanda umelegea. Foleni ya feri kule Likoni hutoa hukumu hiyo hiyo. Kuipima ni jambo jepesi. Gari liwashwe likiwa limesimama, kiyoyozi kifunguliwe, kisha mtu atazame kama feni inazunguka. Kwetu kazi hiyo aliifanya mjukuu wetu wa miaka 10, akaja kututangazia kwamba feni ni nzima, na maneno yake yangalisikilizwa tungaliokoa fedha. Lakini fundi wa mjini alikuwa amekwisha kuinunua nyingine.

Baada ya Miritini ardhi huinuka kuelekea Mazeras na vilima vya Rabai. Wajenzi wa reli, walioanza kazi yao Mombasa mwaka 1896, walikutana na mwinuko huu mapema, na madereva wa malori wa leo waujua kwa gia wanazozishusha. Hapa injini hubeba mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo. Gari lililotoka nyumbani likiwa na maji pungufu hujulikana hapa, na lenye pampu dhaifu vilevile. Pia hapa ndipo lijulikanapo gari lenye ugonjwa unaoogopwa kuliko yote, wa gasketi ya silinda hedi kuungua, kwa kuwa moshi wa ndani ya silinda hupenya ukaingia katika maji hasa injini inapokazwa.

Dalili za ugonjwa huo ni za kushikwa vizuri. Maji hupungua kila siku na chini ya gari hapana hata tone. Mvuke mweupe hutoka katika bomba la nyuma na haukomi hata injini ikisha kupata moto. Mpira wa juu huwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya injini kuwashwa asubuhi. Kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa baridi, kisha ikawashwa, mapovu hupanda bila kukoma. Na ukivuta kijiti cha kupimia oili ukaiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, safari ya Voi imekwisha. Litafutiwe gari la kulivuta lirudi.

Gari letu halikuwa na lolote kati ya haya. Lilikaa Changamwe nusu saa likatulia. Lilipanda Mazeras na watu saba ndani yake likatulia. Tulipita Mariakani, penye mizani ya malori, tukapita Samburu, na baada ya Samburu, njia iliponyooka na dereva wetu akafika kilomita 100 kwa saa, sindano ya joto ikaanza kupanda. Ilipanda polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana.

Asiyeijua Taru na aambiwe kidogo. Ni nyika ya miiba na udongo mwekundu. Misafara ya zamani iliyotoka pwani iliihofu kwa kiu kuliko kwa wanyama, ikitegemea maji ya mvua yaliyobaki katika mashimo ya miamba, na reli ilipofika huko ilibidi maji ya wafanyakazi na ya injini za mvuke yapelekwe kwa treni. Hata leo, saa saba mchana, kivuli kikubwa mtu akipatacho pale ni cha lori lililosimama. Ndipo tulipojikuta, mara ya kwanza, pamoja na mama yetu mwenye miaka 78 na wajukuu wanne.

Dereva alifanya mambo mawili ya busara. Alizima kiyoyozi, kisha akafungua hita kwa nguvu zake zote, kwa kuwa hita ni rejeta ndogo na yapunguza joto la injini kwa kuwamwagia abiria. Ilikuwa adhabu. Watoto walilia, mama akavuta subira na kujipepea kwa karatasi. Lakini sindano ilirudi nyuma kidogo, tukapata muda wa kutafuta mahali pa kusimama mbali na njia. Injini ikazimwa.

Hapo kijana mmoja tuliyekuwa naye alikwenda mbio na kitambaa kufungua kifuniko cha rejeta, nasi tukamkataza kwa sauti ambayo hatuitumii hata darasani. Katika mtaa wetu yuko mtu mwenye alama ya mkono wa kuume tangu kiganjani hadi begani kwa kifuniko cha namna hiyo. Maji yaliyobanwa katika nyuzi 115 huwa bado ni maji. Kifuniko kikitoka, kubanwa kumekwisha, na sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni kwa aliyefungua. Hungojwa. Nusu saa ni kidogo, na saa moja ni bora. Mpira wa juu ukibinywa ukawa laini na wa kushikika kwa mkono, ndipo kifuniko huzungushwa robo, huachwa kipumue, kisha hutolewa. Na maji ya baridi hayamwagwi ghafla katika injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka, na silinda hedi za siku hizi ni za alumini, hujipinda upesi.

Tulirudi Mombasa siku hiyo kwa mwendo wa pole. Yaliyofuata wengi wenu mwayajua. Fundi wa kwanza alibadilisha feni. Safari ya pili gari likachemka baada ya Samburu. Fundi wa pili alibadilisha pampu ya maji, na akatoa thamostati akaitupa, akisema nchi yetu ni ya joto na kitu kile ni cha Wazungu wa nchi za barafu. Shilingi 19,000 zilikuwa zimekwisha kutoka, na safari ya tatu gari likaanza kuchemka mahali pale pale, karibu tuseme mbele ya mti ule ule.

Safari hiyo hatukurudi. Dereva aligundua kwamba akienda kilomita 60 kwa saa sindano hukaa katikati, basi tukaenda hivyo, malori yakitupita na kutupigia honi, hadi Mackinnon Road. Mji huu mdogo wachukua jina la Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu hizi kabla ya serikali yao, ambaye njia ya mikokoteni ilikatwa kwa amri yake. Wasafiri wetu waujua zaidi kwa msikiti wake ulio kando ya reli, lilipo kaburi la Sayyid Baghali Shah, anayesimuliwa kuwa alikuwa miongoni mwa wajenzi wa reli kutoka Bara Hindi. Yasemwayo juu yake ni mengi, nasi leo hatuyaingii. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri, kwa kukusanya na kupunguza, mama akajinyoosha barazani, na gari likapumzika. Kisha tukaambaa taratibu hadi Maungu na Voi.

Voi tulielekezwa kwa fundi mmoja wa Kitaita, mtu wa makamo, ambaye gereji yake ni mwarobaini na mabati mawili. Hakushika spana. Alivuta kigoda akaketi.

"Sheikh, lilichemkia wapi?"

"Baada ya Samburu, kabla ya Taru."

"Mlikuwa mwaenda kasi gani?"

"Mia, au karibu yake."

"Na mlipopunguza?"

"Sindano ilirudi."

"Changamwe mlikwama?"

"Nusu saa nzima, na halikuchemka."

"Basi feni waliwauzia bure," akasema, "na pampu nadhani pia."

Hoja yake twaieleza kwa maneno yetu. Gari lisimamapo, injini hutoa joto dogo na feni yatosha kuliondoa. Gari liendapo kasi, upepo ni mwingi mno hata feni haina kazi. Lakini injini nayo hutoa joto jingi, na maji mengi yataka kupita katika rejeta kwa haraka. Ikiwa njia za ndani ni nyembamba kuliko zilivyoumbwa, zitatosha kwa mwendo wa pole na zitashindwa kwa mwendo wa kasi. Basi gari litulialo mjini likachemka Taru linashukiwa mambo machache tu: rejeta iliyoziba, mpira wa chini unaofyonzwa ukajikunja pampu inapovuta kwa nguvu, au thamostati isiyofunguka yote. Thamostati ilikuwa imetupwa. Mpira wa chini aliubinya, akaukuta mgumu na mzima. Alitazama mapovu, hakuyaona. Likabaki moja.

Alipoiwasha injini ikapata moto, akaizima, akachomoa waya wa feni isije ikamkata vidole, kisha akaupitisha mkono juu ya uso wa rejeta polepole, kama tabibu apapasaye tumbo la mtoto. Akatuita nasi tupitishe. Juu na pembeni palikuwa pa moto. Katikati, kuelekea chini, palikuwa na sehemu ya ukubwa wa sahani ambayo ilikuwa baridi. Maji hayakuwa yakipita hapo.

"Gari hili lilikuwa likinyweshwa maji gani?" akauliza.

Jibu tulilipata kwa simu. Aliyetuuzia gari, mtu mwema wa kule kisiwani, aliliosha na kulijaza maji kwa miaka 6 kutoka kisima cha uani kwake. Wasomaji wetu wa mwambao hawahitaji kuelezwa visima hivyo. Nyumba zetu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yapitayo humo huyeyusha chokaa. Karibu na bahari huongezeka chumvi. Kina mama wameyajua haya kabla ya fundi yeyote: kwa maji ya kisima cha namna hii sabuni haitoi povu, na birika la chai hufanya utando mweupe mgumu ndani yake. Ndiyo sababu wazee wetu walijenga majabia ya kuhifadhi maji ya mvua. Utando wa birika huonekana ukasuguliwa. Wa rejeta hukua ndani ya vijibomba vyembamba mno, hauonekani, nao mwaka baada ya mwaka hufunga kimoja, kisha cha pili. Chumvi nayo hula chuma, na kutu ikamalizia kazi.

Fundi aliitoa rejeta, akaisafisha kwa kuyapitisha maji kinyume, kutoka chini kwenda juu. Yakatoka matope mekundu na magamba meupe. Akasema zile rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa juu, zikachokolewa kwa waya, kisha zikalehemiwa tena, na kila mji ulikuwa na mtu wa kazi hiyo. Hizi za alumini zenye vichwa vya plastiki si za kufunguliwa namna ile. Nyingi ya njia zake zilibaki zimefungwa. Tukalala Voi, na kesho yake rejeta nyingine, iliyotumika ila ni safi, ikaja kwa basi kutoka Mombasa kwa shilingi 11,000.

Kuhusu thamostati alikuwa na hasira, na tulipoielewa hoja yake tuliiona ni ya haki. Joto la mchana wa Mombasa ni nyuzi 30 na kitu. Injini yataka kufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kwa hivyo hakuna nchi duniani iliyo moto kiasi cha kuifanya injini isihitaji kupashwa. Thamostati ni mlango uliofungwa asubuhi injini ipate moto upesi, kisha ukafunguka kadiri ya haja. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata moto, hula petroli zaidi na kuchakaa. Tena katika magari mengi mlango huo, ukifunguka upande wa rejeta, huziba njia ya mkato. Ukitupwa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta kabisa. Maana yake, kilichotolewa kwa ajili ya kuzuia kuchemka kilikuwa kikisaidia kuchemka. Akaweka mpya ifungukayo kwa nyuzi 82.

Akajaza kulanti nusu na maji safi yaliyotoneshwa nusu. Kulanti wengi wetu twaidhani ni dawa ya barafu. Huzuia barafu, ndiyo, lakini pia huzuia kutu, hulainisha pampu, na hupandisha kidogo nyuzi ambazo maji huchemkia, na hayo matatu yana faida hapa kama yalivyo na faida Uingereza. Akikosa mtu maji yaliyotoneshwa, maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba, na ya bomba ni bora kuliko ya kisima. Akiwa Taru na hana ila ya kisima, atie ya kisima afike, kisha ayamwage yote akifika.

Safari ya nne tuliifanya baada ya wiki tatu, na hatukuishia Voi. Tulikunja kushoto kuelekea Mwatate, kisha tukapanda Wundanyi, ambako njia huzunguka kona kwa kona katika milima ya Taita na gari huenda kwa gia ya pili kwa muda mrefu. Taru tulikuwa tumeipita kwa kilomita 90 kwa saa, kila mtu ndani ya gari, hata watoto, akiitazama sindano badala ya dirisha. Katika mlima hakuna aliyeitazama tena; mabonde na migomba yaliwashughulisha, na hewa ikawa ya baridi hata madirisha yakafungwa. Tulipofika sokoni dereva alifungua boneti kwa mazoea. Maji katika kopo la akiba yalikuwa kwenye alama ile ile ya asubuhi. Mama alikuwa amekwisha kuteremka, akiulizia bei ya njegere.